Taa ya Kushoto

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo. Hapo katikati pana nafasi ya watu watatu, na nyinyi mmejibanza kwenye nguzo kana kwamba nguzo ndiyo inayogawa thawabu. Sogeeni. Joto la leo naliona, nami ni mwili kama nyinyi, sitawakawiza. Nina mfano mmoja tu. Nikiumaliza, kila mtu aondoke na fungu lake.

Palikuwa na bwana mmoja muuza kanga. Si wa mji huu, kwa hiyo msianze kugeuza shingo kutafutana. Ni mji wa huko bara, wenye jua kama hili letu, jua la kuanika muhogo asubuhi na jioni ukauanua umekauka. Alikuwa mtu mwema. Swala haimpiti, kwenye misiba mkono wake wa kwanza, na kanga alizijua kuliko alivyowajua watoto wake. Alikuwa na desturi moja. Doti alizozitundika kwenye kamba mbele ya duka alizibadilisha kila asubuhi. Ya jana inarudi ndani, nyingine inatoka. Ukimwuliza sababu, anakwambia, "Jua lina ulimi. Halimezi, linaramba. Ukiiacha kanga wiki mbili pale nje, rangi yote imerambwa."

Watu wakimcheka kwa neno hilo. Lishikeni, tutalirudia.

Bwana huyu alikuwa na gari dogo jeupe, na taa za mbele za gari lile zilikuwa zimezeeka, zimekuwa za manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Akalipeleka kwa fundi. Na fundi huyu hakuwa mtu baki. Wamesoma chuo kimoja, wamechapwa na mwalimu mmoja, na msikitini tangu ujana wakisimama safu moja, bega kwa bega, mpaka mtu akimwona mmoja peke yake anauliza mwenzake anaumwa nini. Fundi akatoa taa mbili mpya, za sanduku moja, akazifunga.

Akamwambia, "Sahibu, hizi si kioo kama unavyodhani. Ni plastiki. Juu zimepakwa kitu chembamba kama ngozi ya maziwa, na ngozi hiyo ndiyo inayozilinda na jua. Ikiisha, taa inaingia ukungu. Kwa hiyo ukiegesha, mdomo wa gari uelekee kivulini. Kama huna kivuli, zifunike hata kwa gunia. Zioshe kwa maji na kitambaa laini, na kila mwezi zipake nta."

Muuza kanga akasema, "Haya, haya, nimesikia." Mnaijua ile "nimesikia" ya mtu ambaye mkono wake uko tayari kwenye ufunguo? Ndiyo hiyo.

Miaka miwili ikapita, na ushei. Jioni moja anarudi kutoka mazishini, magharibi inaingia, akawasha taa. Alipofika kwake, gari likautazama ukuta wa nyumba, na pale ukutani akaona jambo lililomshangaza. Taa ya kulia imechora duara jeupe, unaweza kusomea barua. Taa ya kushoto imechora kitu kama chai ya rangi iliyomwagika. Akashuka, akaenda mbele, akainama. Ya kulia, safi, inang'aa. Ya kushoto imefunga ukungu, manjano, imekwaruzika kama jicho lenye mtoto.

Akasimama pale mpaka mkewe akatoka kumwita.

"Kuna nini?"

"Taa mbili zilizaliwa siku moja," akasema. "Moja kijana, moja kikongwe. Imekuwaje?"

Mkewe akatazama, akatikisa kichwa. "Sijui mimi. Njoo ule."

Hakula, kwa sababu alikuwa anapiga hesabu zisizotimia. Kama ni jua, jua si limewaka juu ya gari zima? Kama ni vumbi, vumbi lina upande? Kama ni ubovu wa kiwanda, mbona sanduku ni moja? Kila mlango aliousukuma akaukuta umefungwa.

Asubuhi akaliuliza baraza. Baraza, ndugu zangu, halijawahi kukosa jibu. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema ni kijicho cha watu. Wa tatu akamwambia aisugue taa kwa dawa ya meno. Akaisugua, ikang'aa siku nne, akatamba mji mzima, siku ya tano ukungu ukarudi umeongezeka. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote anakunywa kahawa, akauliza kwa upole, "Gari lako lilikwenda kwa nani mwezi uliopita?"

"Kwa fundi. Breki. Lililala siku mbili."

Yule mzee akaweka kikombe chini. "Basi. Vitu viwili vya siku moja havizeeki tofauti. Umebadilishiwa."

Nawauliza nyinyi, kwa haki kabisa: neno hilo lina kosa gani? Mimi silioni. Limenyooka kama rula. Na muuza kanga, aliyekuwa amechoka kutoelewa, alilipokea kama mtu wa jangwani anavyopokea maji. Hakuuliza yametoka kisima gani.

Akaenda gereji. Fundi yuko chini ya gari, wateja wawili wamekaa kwenye gogo.

"Fundi. Taa yangu iko wapi?"

Fundi akachomoka chini ya gari, akatabasamu. "Taa ipi, sahibu?"

"Ya kushoto. Uliyoitoa ukaniwekea kuukuu."

Tabasamu likakaa usoni kidogo, kisha likaondoka lenyewe. Fundi akafuta mikono, akaenda kuitazama. Akaigusa kwa kidole gumba. "Hii ni ile ile niliyokufungia. Hili ni jua. Si nilikwambia siku ile?"

"Jua!" Muuza kanga akacheka, akawageukia wale wateja. "Jua limetoka mashariki, limepita juu ya mji mzima, limefika kwenye gari langu likasema, mimi leo nakula ya kushoto tu, ya kulia sina haja nayo. Jua gani hilo linalochagua upande?"

Fundi akaitazama taa ya kulia. Akaitazama ya kushoto. Akajikuna kichwa. Hakuwa amewahi kuona mahali gari lile linaposhinda mchana, kwa sababu yeye mchana yuko gereji. Akasema kweli yake: "Hilo sijui."

Ndugu zangu, mtu mwongo angekuwa na jibu. Mwongo hakosi jibu, ndiyo kazi yake. Mkweli ndiye anayesema sijui. Na sisi tukilisikia "sijui" la mkweli, tunasema, ahaa, amekamatika!

"Hujui," akasema muuza kanga. "Basi mimi najua. Mwizi mkubwa we!" Akalisema pale barabarani, kwa sauti ya kuuzia kanga, mbele ya wateja na wapita njia. Ijumaa ile, kwenye safu, wawili wale wakasimama mmoja huku, mmoja kule mwisho wa msikiti. Mahali pao pa zamani wakaja kusimama watu wengine.

Haikutosha. Kulikuwa na mtu mmoja mjini anayesoma halbadiri. Kwa vijana msioijua, ni kile kisomo ambacho mtu aliyeibiwa anaomba asomewe, ili dhara limpate mwizi popote alipo. Masheikh wamebishana sana juu ya kisomo hicho, na leo siwaingizi humo, tutakesha. Mimi nasimulia tu kilichotokea. Muuza kanga alikwenda.

Msomaji akamwuliza, "Una hakika kitu kimeibwa?"

"Nina hakika."

"Nakuuliza tena, kwa sababu kisomo hiki hakimjui fundi wala hakimjui mfanyabiashara. Kinamtafuta aliyetenda. Una hakika?"

Hapo moyo ulimgonga kidogo. Lakini alishalisema barabarani, na neno la barabarani ni gumu kulirudisha nyumbani. Akasema, "Soma. Aliyeizima taa yangu, yake nayo izimike."

Ikatangazwa mjini siku saba, aliyechukua arudishe. Hakuna aliyerudisha. Ikasomwa.

Siku ya tano baada ya kusomwa, fundi alikuwa ananoa chuma, chembe ikaruka, ikamwingia jichoni. Jicho gani? Nyinyi mmeshajua. La kushoto.

Mji ukapigwa na butwaa, kisha ukashangilia. Wateja wakakatika gereji siku ile ile. Wakapeleka magari yao mji wa pili. Na baraza likampongeza muuza kanga kama aliyerudi na ngawira: "Umeona? Kisomo kimefanya kazi!" Naye akaitikia. Lakini moyoni hakujielewa. Alitarajia kufurahi, furaha haikuja. Alimwona fundi msikitini na pamba jichoni, akipapasa ndala zake mlangoni kama kipofu. Mtu akipata haki yake, si analala vizuri? Yeye hakulala. Alikaa dukani mchana kutwa akitazama tu. Kukaa kwake huko, na kule kwenda na kurudi kwa msomaji, kukamfanya aisahau hata ile desturi yake. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, doti iliyokuwa kambani ilikaa palepale. Wiki ya kwanza. Wiki ya tatu. Siku moja mteja akaitaka hiyo hiyo, na mke wa muuza kanga, aliyekuwa anauza siku ile, akaikunja bila kuikagua akampa.

Kesho yake, adhuhuri imeswaliwa, akaja bibi mmoja. Bibi mwenye sauti yake, mnawajua. Akaitandaza ile doti juu ya meza ya duka.

"Mwanangu anaolewa Jumapili," akasema. "Nimemnunulia doti mpya kwako, na umemuunganishia kipande kipya na kipande cha mtumba. Tazama!"

Akatazama. Na kweli, doti ile, kipande kimoja kilikuwa chekundu cha kuumiza macho, na kipande cha pili kimekuwa rangi ya udongo.

"Hapana, bibi," akasema. "Sijaunganisha kitu. Hiki na hiki ni nguo moja, tazama, hata havijakatwa. Hapa katikati hapana mshono. Ni jua limekula upande huu."

Bibi akashika kiuno. "Jua! Jua gani hilo linalochagua upande?"

Muuza kanga akatabasamu, kwa sababu swali hili, kwenye kazi yake, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza angelijibu. "Jua halichagui, mama yangu. Kivuli ndicho kinachochagua. Njoo nikuonyeshe." Akatoka naye hadi chini ya upenu wa duka, akanyoosha mkono kwenye kamba. "Doti inakunjwa juu ya kamba hii. Nusu inaanguka huku ndani, chini ya bati, kwenye kivuli. Nusu inaanguka huko nje. Basi nusu moja inabaki mpya, na nusu..."

Macho yakateremka kutoka kwenye kamba.

Chini ya ile kamba palikuwa pameegeshwa gari lake. Palepale alipoliegesha kila siku tangu alinunue, mdomo ukielekea duka, kwa sababu upande wa kushoto wa baraza pana mtaro na gari haliwezi kuingia lote, linasimama kimshazari, bega la kulia mbele. Kivuli cha bati kilikuwa kimekatika juu ya boneti, kimenyooka, kama mtu aliyekata kitambaa kwa mkasi. Taa ya kulia ilikuwa ndani ya kivuli. Taa ya kushoto ilikuwa nje, imefungua jicho inalitazama jua.

"Na nusu nini?" bibi akauliza. "Sema! Mbona umekauka?"

Yeye hakumsikia. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, ya gereji, mbele ya wateja. Kisha akasikia sauti ya msomaji: kinamtafuta aliyetenda. Nani ameliegesha gari hili hapa kila siku kwa miaka miwili? Nani aliyeambiwa mdomo uelekee kivulini, zifunikwe, zipakwe nta? Akainua mkono polepole, akalishika jicho lake la kushoto.

Bibi yule akapewa doti nyingine na ya pili juu yake, akaondoka anashukuru huku haelewi. Muuza kanga akafunga duka mchana, akakimbia kwa msomaji.

"Iondoe! Nimejisomea mwenyewe!"

Msomaji akamtazama. "Nilikuuliza mara mbili."

"Sikujua!"

"Hukujua, na ukasema una hakika." Akatikisa kichwa. "Mimi si wa kuiondoa. Nenda kwa uliyemdhulumu."

Akaenda. Lakini hakwenda gereji, alikwenda nyumbani kwa fundi, kwa mlango wa nyuma, wakati watu wamelala mchana. Fundi alikuwa uani, pamba jichoni, amepanga vyuma chakavu kwenye mkeka. Muuza kanga akapiga magoti, akaeleza yote: kamba, bati, kivuli, mtaro. Akalia kweli. Mimi siwezi kumsingizia, alilia kweli.

Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo muuza kanga hakulitegemea.

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeanza kuamini."

"Kuamini nini?"

"Kwamba niliiba. Mji mzima unasema, jicho nalo limeingia chuma. Nikajiuliza, labda nilibadilisha nikasahau? Labda nilichanganya masanduku? Stoo nimeipekua mara tatu natafuta taa yako." Akavionyesha vile vyuma kwenye mkeka. "Hii ni mara ya nne."

Muuza kanga akainamisha kichwa mpaka kikagusa udongo.

"Nisamehe."

"Lete gari," fundi akasema.

Akalileta. Fundi akaloweka msasa laini majini, akaisugua ile taa ya kushoto taratibu, kwa jicho moja. Akabadilisha msasa, laini zaidi, akasugua tena. Maji meupe yakatiririka kama ya mchele. Akaifuta, akaikausha, akaipuliza vanishi nyembamba, akaiacha ishike. Haikupita saa mbili. Taa ikawa nyeupe, mwenzake wa kulia akaonekana ndiye mchafu. Muuza kanga akashindwa kuamini. Saa mbili tu! Kwa ajili ya kazi ya saa mbili alikuwa ameuharibu mji.

Akatoa ufunguo, akafungua mlango wa gari, moyo umekuwa mwepesi. Fundi akaishika ile taa kwa kiganja, asimwachie aondoke.

"Sahibu. Taa yako nimekurudishia. Mchana, mbele ya macho yako, inaonekana. Mimi uliniita mwizi barabarani. Msamaha umeniletea kwa mlango wa nyuma, watu wamelala. Yangu utanirudishia lini?"

Mfano umeishia hapo.

Sasa natuuliza sisi, sio muuza kanga, yeye tumwache na gari lake. Sisi tuna tabia gani kitu kikichakaa? Tunatafuta mwizi. Mke hacheki tena kama zamani: kuna mtu kamtia maneno. Ndugu hatusalimiani: mkewe ndiye. Swala imekosa ladha: ah, imamu wa siku hizi hana sauti, siyo kama yule wa kwanza. Nawasikia, msidhani siwasikii. Hata siku moja hatusemi: kitu hiki, miaka yote hii, mimi nilikuwa nakiegesha wapi? Nilikifunika? Nilikipaka nta? Niliambiwa, na nikasema nimesikia?

Na ujinga wetu si wa kutojua. Laiti ungekuwa huo! Yule bwana alilijua jua kuliko mji mzima, alilihubiri kila asubuhi kambani. Kwenye kanga zake alikuwa mwanachuoni. Kwenye jina la mwenzake, kitu kile kile, akawa hajui. Nasi ndivyo tulivyo. Kosa letu lina sababu, lina kivuli, lina mtaro uliozuia gari. Kosa la mwenzetu lina mwizi tu.

Ndugu zangu, kutoelewa si dhambi. Kaa na kutoelewa kwako, hata miaka miwili, hakukuui. Usiende kuutua mzigo huo kichwani mwa mtu ili upate usingizi. Taa inasuguliwa inarudi. Jina la mtu halina msasa, linarudi kwa njia ile ile liliyotokea: ukilichafua barabarani, ulisafishe barabarani, kwa sauti ile ile, isipungue hata kidogo.

Naona mnataka kuniuliza, je, alirudisha? Sijui. Wallahi sijui, na mkweli ndiye anayesema sijui. Lakini yumo humu ndani mtu ambaye tangu nilipofika kwenye doti ameacha kunitazama. Huenda ni mmoja, huenda ni wengi, na huenda na mimi nimo.

Wenye magari, nimeyaona hapo nje, yote yanalitazama jua. Kayageuzeni. Na kesho ni Ijumaa, msikiti utajaa mpaka barazani. Kabla sijapanda mimbari nitakaa kitako kidogo, na kipaza sauti nitakiacha kimewashwa, kwa mwenye jina la mtu la kurudisha.